Kabla ya Kununua Dawa ya Nguvu za Kiume, Pima Kiuno

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kaka zetu, na akina mama mlioona kuwa jambo hili linawahusu pia. Wazee, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Tumeitwa kuzungumza juu ya testosteroni, homoni ya kiume: namna inavyopungua mwanamume akizeeka, na yale yanayoipunguza. Mtaani jambo hili lina jina lake, nguvu za kiume. Mtu akiona jogoo hawiki, hapo hapo anaambiwa homoni zimeisha, na kabla jua halijatua ameshanunua poda. Leo nataka tuvitenganishe vitu hivi viwili, kwa sababu kuvichanganya kunawapotezea wanaume fedha, na wengine kunawapotezea muda ambao moyo wao hauna.

Jogoo huyo ana nafasi yake katika historia ya homoni hii. Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wadogo. Wakakua wapole, undu mdogo wa rangi hafifu, hawawiki wala hawagombani. Wengine akawarudishia korodani, ila akazipandikiza tumboni, mbali na mishipa yake ya fahamu. Hao waliwika, wakapigana, wakapanda majike kama jogoo yeyote. Ikaonekana kwamba korodani hutoa kitu kinachosafiri kwenye damu. Kitu hicho kilikuja kutambuliwa na kutengenezwa maabara mwaka 1935, kikaitwa testosteroni.

Kwa mwanamume, amri huanzia kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutuma ishara kwa tezi ya pituitari, tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, nayo humimina homoni ya LH kwenye damu. LH ikifika kwenye korodani, testosteroni inatengenezwa. Ikishatosha, ubongo unapunguza amri. Kwa hiyo upungufu una milango miwili: ama korodani zimeharibika na haziwezi kutii amri, ama ziko salama lakini amri haiji ya kutosha. Wanaume wengi wa umri mkubwa wenye kitambi na kisukari wako kundi hili la pili. Hilo lina maana kubwa kwetu, kwa sababu amri inaweza kurudi.

Sasa tendo lenyewe. Testosteroni huleta hamu, lakini kinachousimamisha uume ni damu. Mishipa inayopeleka damu huko ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Sukari, presha, mafuta na sigara vikianza kuharibu mishipa, ile myembamba ndiyo inayolalamika kwanza. Ndiyo maana mwanamume anaweza kuanza kushindwa unyumba miaka 2 hadi 5 kabla ya kupata maumivu ya kifua. Mtu huyo akipewa poda ikamsaidia usiku mmoja, tumemziba mdomo anayepiga yowe, na mwizi bado yuko ndani.

Namna ya kuanza kutofautisha, hata kabla ya maabara, ni hii. Hamu ipo kama zamani lakini mwili hauitiki: tazama kwanza mishipa, sukari, presha na dawa unazotumia. Hamu yenyewe imeondoka, na ule msimamo wa alfajiri unaokuja bila kuitwa nao umetoweka kwa miezi: hapo homoni inastahili kushukiwa. Vikikaa pamoja vitatu, yaani hamu kushuka, alfajiri kuwa kimya na tendo kushindikana, shaka inakuwa na nguvu. Dalili nyingine za kweli ni ndevu kupungua, matiti kuvimba na kuuma, korodani kusinyaa, mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo, au upungufu wa damu ambao daktari hajapata chanzo chake. Uchovu, usingizi mbovu, huzuni na kusahau vinaweza kuwepo, lakini peke yake havithibitishi kitu. Vina sababu nyingi mno.

Umri una mchango wake. Kuanzia miaka ya 30 na 40, testosteroni hushuka kwa wastani wa asilimia 1 hivi kila mwaka. Tena kuna protini inayoibeba homoni hii kwenye damu, inaitwa SHBG, ambayo huongezeka mtu anapozeeka. Homoni iliyoshikwa na SHBG mwili hauwezi kuitumia kwa urahisi, hivyo ile iliyo huru hushuka kwa kasi zaidi kuliko jumla yake.

Lakini kushuka si kuugua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulichunguza wanaume 3,369 wa Ulaya, wenye miaka 40 hadi 79, ukauliza ni wangapi wana dalili zote tatu nilizotaja na wakati huohuo damu inaonyesha homoni iko chini. Walikuwa asilimia 2.1. Kwa wenye miaka 40 hadi 49 ilikuwa asilimia 0.1 tu, kwa wenye 70 hadi 79, asilimia 5.1. Hao ni watu wa kwingine na maisha yao ni mengine, lakini somo moja linatufaa sana: hata kwa wazee wa miaka 75, walio wengi hawana ugonjwa huu. Ukisikia tangazo la redio linasema kila mwanamume aliyepita 40 ameishiwa homoni, unasikiliza muuzaji.

Kinachoshusha zaidi kuliko miaka ni kitambi. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka utumbo na ini, yanafanya kazi mwilini. Yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Yanamwaga kemikali za uvimbe zinazofika hadi kwenye ubongo na kupunguza ile amri ya LH. Insulini inapopanda kwa sababu mwili umeacha kuitii, SHBG nayo hushuka, na jumla ya testosteroni inashuka pamoja nayo. Halafu homoni ikiwa chini misuli hupungua, mafuta huongezeka, na mafuta yakiongezeka homoni inashuka tena. Mzunguko huo hujilisha wenyewe.

Pimeni kiuno. Chukua futikamba ya fundi cherehani, simama wima, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Tafuta mwisho wa ubavu wa chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha futikamba katikati ya sehemu hizo mbili, moja kwa moja juu ya ngozi. Kosa la kawaida ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, mtu akajiona ana inchi 34 kama alivyokuwa kijana. Kwa mwanamume, sentimita 94 ni mwanzo wa hatari, na 102 ni hatari kubwa.

Kisukari cha ukubwani kinafuatana na kitambi, na katika tafiti karibu theluthi moja ya wanaume wenye kisukari hicho hukutwa na testosteroni ya chini. Kwa hiyo mwanamume anayelalamika juu ya unyumba apimwe sukari bila mjadala. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa mmol/L 7.0 au zaidi, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, asilimia 6.5 na kuendelea, na ikarudiwa ikathibitika, hicho ni kisukari.

Usingizi watu huudharau. Testosteroni nyingi hutengenezwa usiku mtu akiwa amelala. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwalaza vijana 10 wenye afya kwa saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja. Homoni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana, na ni wiki moja. Mfikirieni mlinzi wa usiku wa miaka 58, au dereva wa lori la masafa marefu. Na akina mama mliopo hapa mnajua jambo ambalo mume hawezi kujijulia: kama anakoroma kwa nguvu, kisha anakata pumzi, kisha anashtuka kama mtu aliyetoka majini, mwambieni daktari. Huo ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini. Unapandisha presha na unafuatana na homoni kushuka.

Kisha kuna dawa, na hapa lawama si ya mgonjwa peke yake. Tramadol na dawa nyingine za maumivu za jamii ya afyuni, zikitumiwa kwa wiki na miezi, hunyamazisha amri ya ubongo. Wapo wanaume wanaomeza tramadol ili wachelewe kumaliza tendo, kumbe wanakausha chanzo cha hamu yenyewe. Prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe na pumu, ikitumiwa muda mrefu hufanya vivyo hivyo, na vidonge vya fangasi vya ketoconazole na dawa ya kuongeza mkojo ya spironolactone huingilia pia. Steroidi za kujenga misuli zinazouzwa gym ni testosteroni ya nje. Aliyezitumia ujanani anaweza kukaa miezi mingi, wengine miaka, kabla korodani hazijaamka. Dawa za presha kama atenolol na za kuongeza mkojo zinaweza kuharibu usimamaji bila kugusa homoni. Usiziache ghafla, kwa maana kuacha atenolol kwa ghafla kunaweza kuleta shambulio la moyo. Mwambie daktari abadilishe, mbadala upo.

Pombe nyingi, iwe bia au gongo, huumiza korodani na ini kwa pamoja. Sigara nitaisema kama ilivyo: haishushi testosteroni, na wavutaji wengine hukutwa na kiasi cha juu kidogo. Lakini inaua mishipa ya damu, na mishipa ndiyo inayobeba tendo.

Yapo pia ya zamani ambayo mgonjwa hayataji asipoulizwa. Matubwitubwi aliyougua baada ya kubalehe, korodani ikavimba. Korodani iliyojisokota, au ambayo haikushuka utotoni. Ukoma. Sikoseli. Mionzi na dawa za saratani. Ugonjwa wa figo na wa ini. VVU, hata kwa anayemeza dawa vizuri. Na anayepata maumivu ya kichwa yasiyokwisha pamoja na kuona vibaya pembeni, au chuchu kutoa maziwa, anaweza kuwa na uvimbe kwenye pituitari, huyo asingoje.

Tuingie kwenye kipimo, maana hapa ndipo makosa yanapozidi. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hujala kitu, umelala usiku mzima. Chai yenye sukari na maandazi vinatosha kuharibu jibu: katika jaribio moja, gramu 75 za sukari zilishusha testosteroni kwa robo ndani ya muda mfupi. Usipime ukiwa na malaria, nimonia au umetoka kufanyiwa upasuaji. Mwili unaoumwa huzima homoni hii kwa muda, na jibu litakudanganya. Ngoja upone, kisha wiki kadhaa zipite.

Jibu moja la chini halitoshi. Rudia siku nyingine, asubuhi vilevile, ikiwezekana maabara ileile, kwa sababu karibu theluthi moja ya wanaopata jibu la chini mara ya kwanza hukutwa wako sawa mara ya pili. Mipaka inayotumika sana ni ng/dL 300, sawa na nmol/L 10.4. Wengine hutumia ng/dL 264, sawa na nmol/L 9.2. Angalieni kizio kwenye karatasi, kwa maana 3.0 kwa ng/mL ni ileile 300 kwa ng/dL, na mtu aliyezoea kizio kimoja anaweza kuogopa bure.

Jibu likiwa karibu na mpaka, SHBG inaamua. Mwenye kitambi ana SHBG ya chini, hivyo jumla inaonekana mbaya kuliko hali yake. Mwenye VVU, mwenye ini bovu na mzee sana wana SHBG ya juu, hivyo jumla inaonekana nzuri wakati ile iliyo huru imekwisha. Kwa hao, homoni huru ipigiwe hesabu.

Upungufu ukithibitika, vipimo vya LH, FSH (homoni ya pituitari inayoamuru mbegu zitengenezwe) na prolaktini (homoni ya maziwa) vifuate. LH ya juu inasema korodani zimeshindwa. LH ya chini, au ya kawaida wakati testosteroni iko chini, inasema tatizo liko juu, na prolaktini itasaidia kujua kama pituitari ina uvimbe. Daktari anayeandika sindano ya testosteroni bila kuona LH amefunga mlango wa kujua chanzo, kwa sababu sindano ya kwanza tu huishusha LH.

Tiba ya kwanza kwa mwenye kitambi ni kitambi. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba aliyepunguza karibu asilimia 10 ya uzito kwa chakula alipandisha testosteroni kwa wastani wa nmol/L 2.9. Kwa mtu wa kilo 95, hiyo ni kushuka hadi kilo 85 na nusu. Mwenye nmol/L 8.5 anaweza kuvuka mpaka bila sindano hata moja. Anzeni na vinywaji: soda, juisi za dukani, chai ya vijiko vitatu. Kisha ugali na wali vichukue robo ya sahani, mboga zichukue nusu, samaki au maharage robo iliyobaki. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki ni kima cha chini, na siku mbili za kazi ya misuli zisikosekane. Mzee asiyewahi kunyanyua chuma aanze na kiti: kaa, inuka bila kushika, mara 10, pumzika dakika 2, rudia mara tatu. Wiki inayofuata ashike chupa za maji za lita moja na nusu, moja kila mkono. Anayejinyima chakula bila kazi ya misuli hupoteza nyama pamoja na mafuta, na kwa mwenye miaka 65 nyama hiyo ni ngumu kuirudisha.

Mtaniuliza juu ya supu ya pweza, karanga mbichi, mihogo na nazi. Ni chakula, kuleni kwa kiasi. Hakijathibitishwa kupandisha homoni kwa aliyepungukiwa. Mkuyati na vumbi la Kongo ni jambo jingine, hasa poda isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta dawa za asili za nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, na kiasi hakijulikani. Mgonjwa wa moyo anayeweka chini ya ulimi kidonge cha naitreti, dawa ya maumivu ya kifua, akila poda hiyo, presha inaweza kuanguka hadi afe. Sildenafil yenyewe ni dawa nzuri ikitoka kwenye duka lililosajiliwa, kwa mtu aliyepimwa moyo na kuulizwa dawa zake. Hakuna aibu kuiomba kwa daktari.

Nani basi anastahili testosteroni? Mwenye dalili, mwenye majibu mawili ya chini, aliyetafutiwa chanzo. Hufai kuanza kama una saratani ya tezi dume au ya titi, kama damu yako ni nzito tayari, kama moyo umeshindwa kazi na haujadhibitiwa, kama umepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya miezi 6, au kama bado unataka mtoto. Hili la mwisho lisikieni vizuri, maana wazee wanaooa tena ni wengi. Testosteroni ya nje huzima LH na FSH, korodani zinaacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ipimwe kabla, na kwa mwanamume Mweusi ikizidi ng/mL 3 aonwe na daktari wa tezi dume kwanza.

Testosteroni ya sindano iko ya aina mbalimbali. Kwa kawaida dozi ya enanteti ni miligramu 150 hadi 200 msulini kila wiki 2, au nusu yake kila wiki. Undekanoeti, inayokaa mwilini muda mrefu, ni miligramu 1,000, ya pili baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Wanaotumia testosteroni ya jeli ya kupaka wanawe mikono kwa sabuni na kufunika ngozi walipopaka, kwani mtoto akigusana nayo anaweza kuota nywele za kikubwa. Kati ya miezi 3 na 6 rudia homoni, PSA na hematokriti, kile kipimo cha wingi wa chembe nyekundu. Hematokriti ikipita asilimia 54, dawa inasimama, maana damu nzito huganda. Haya hutokea: huko Australia, katika utafiti wa miaka miwili, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 waliochomwa sindano walifika hapo.

Juu ya moyo, utafiti mkubwa wa mwaka 2023 wenye wanaume zaidi ya 5,000 uliona shambulio la moyo na kiharusi havikuongezeka kwa waliopewa jeli, lakini mapigo yasiyo na mpangilio, mabonge ya damu mapafuni na mifupa kuvunjika vilikuwa vingi zaidi. Faida iliyo wazi ni hamu na tendo, kwa kiasi cha wastani. Nguvu za ujana hazimo ndani ya sindano hiyo.

Meza ya vipimo iko upande wa kushoto mkitoka. Kuna futikamba, mashine ya presha na kipimo cha sukari cha kidole. Ambao hamjala, anzeni nyie. Anayetumia dawa yoyote, ya hospitali au ya mtaani, aje nayo mkononi ikiwa ndani ya pakiti yake, hata kama ni poda iliyofungwa kwenye gazeti. Akina mama wenye habari za kukoroma, tafadhali kaeni karibu na waume zenu pale mezani.